Pointi za Mwaka

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliwaundia wanataaluma hao nchini Kenya bodi yao ya kuwasajili. Chama chao, KCPA, nacho huwa na mkutano wa kila mwaka: ada hulipwa, vitambulisho huning'inia shingoni, chai hunywewa, na akili ya mtoto wa Kenya hujadiliwa kwa slaidi.

Mtoto mwenyewe yuko mtaani Kayole, Nairobi.

Huko, na Dandora, na Umoja, mwanasaikolojia wa shule mara nyingi ni mwalimu wa Kiswahili aliyebandikwa pia ushauri nasaha. Ofisi yake ni kona ya stafrumu, ambapo siri ya mwanafunzi hutunzwa na kila anayesahihisha madaftari jirani. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, ila kuna shule ambako bado ndiyo tiba isiyohitaji miadi.

Wanachama wa KCPA, tuwe wa haki, hawalali. Wanasaka pointi za mafunzo endelevu. Mwalimu wa Umoja anasaka wazazi. Akiagiza mzazi aje, analetewa na mwanafunzi mwendesha boda boda aliyekodiwa stejini kuwa mjomba, naye mjomba anaitikia kila ushauri huku akichungulia pikipiki yake getini.