Mwongozo wa Kujipatia Uwanja wa Ndege: Toleo la Handeni na Korogwe

Wengi wanaotaka uwanja wa ndege huharibu mambo mapema kwa kuanza na abiria. Abiria ni jambo la mwisho kabisa, na kazi ikifanywa vizuri huenda lisifikiwe. Anzeni na Rais. Handeni haijatoa Rais, Korogwe haijatoa, na mkoa mzima wa Tanga tangu Uhuru umeishia kwenye mawaziri. Huo ndio upungufu wenu wa kwanza wa miundombinu.

Tazameni Chato. Wilaya ya wavuvi na wakulima wa pamba kando ya Ziwa Victoria ilimtoa John Magufuli, na ndani ya utawala wake ikapata njia ya kurukia ndege yenye urefu wa kilomita tatu, kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 39. Wapinzani wakahoji ni lini Bunge liliidhinisha fedha zote hizo. Wakati wao wanahoji, mitambo ilikuwa inashindilia kifusi. Na asiseme mtu kwamba hakuna aliyekwenda: Januari 2021 peke yake walifika Chato Wang Yi wa China, Rais Nyusi wa Msumbiji na Rais Sahle-Work wa Ethiopia. Si vijiji vingi vinavyopata wageni kama hao kabla ya kwaresma. Anayekwenda Butiama, kwa Mwalimu, hadi leo anatua Musoma au Mwanza na kumalizia kwa gari. Ndiyo hasara ya kuzaa Rais asiyejua kuomba.

Kama mtoto wa kuwa Rais bado yuko darasa la nne, msikae bure. Gombaneni eneo. Korogwe waseme kwao ndiko penye reli, barabara ya Moshi na njia ya kupandia Lushoto. Handeni waseme kwao ndiko penye ardhi na dhahabu, na tangu 2022 pia kuna Msomera na wageni wake kutoka Ngorongoro. Ugomvi uendelee vikao vitatu vya ushauri vya mkoa, posho zikilipwa, kisha atokee mzee mwenye busara apendekeze katikati, tuseme Sindeni. Kila mji upate uwanja ulio mbali nao. Barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65, kwa hiyo abiria wa pande zote atafika uwanjani amechoka sawasawa, na hakuna atakayelalamika kwamba amebaguliwa.

Eneo likipatikana, pitisheni rangi nyekundu. X moja ukutani, ya kupigwa kwa brashi pana, rangi ikichuruzika hadi kwenye msingi, inatosha kumzuia mtu asipake chokaa wala kuongeza chumba kwa miaka kadhaa. Sheria ya ardhi inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Chagueni mbili mtakazozungumzia mkutanoni. Mikorosho ihesabiwe mmoja mmoja mbele ya mwenye shamba, kwa sauti, maana kuhesabiwa nako ni faraja.

Sasa upembuzi yakinifu. Hapa ndipo penye ufundi, nami nawaomba msiwe wachoyo. Chukueni idadi ya watu ya sensa ya 2022 kwa wilaya zote, pamoja na watoto wachanga. Ongezeni watalii wa milima ya Usambara ambao kwa sasa wanapita Mombo wakiwa ndani ya basi na hawajui wanachokikosa. Ongezeni karoti, kabichi na nyanya za Lushoto, ambazo zitachumwa asubuhi na kuliwa Muscat jioni. Mtu akiuliza mboga hizo zitapandishwa ndege gani, mwambieni hilo ni suala la awamu ya pili. Mifano ya jirani mnayo. Tajeni Eldoret, uliofunguliwa 1997 enzi za Moi, wafadhili wakinung'unika, na leo unahudumia abiria na mizigo. Msitaje Gbadolite, alikojenga Mobutu njia ya kutosha kupokea Concorde katikati ya msitu. Concorde ilitua kweli. Msitu umerudi.

Atatokea mtu wa kuuliza habari ya maji. Lazima atokee, Handeni haikosi mtu wa kuuliza maji. Ataanza na mradi wa HTM, ule wa tangu miaka ya 1970 wa kuvuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Atahamia kwenye mradi wa miji 28 kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022, Handeni na Korogwe zikiwa ndani. Atamalizia kwa bei ya dumu. Msibishane naye. Mteueni mjumbe wa kamati ya uwanja.

Msione haya pia kuomba Serikali iwabebe. Korogwe mna historia. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 na kampuni binafsi ya Kijerumani. Ilipofika Muheza 1896 hela ikakata, na 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua na kuisukuma hadi Korogwe mwaka 1902. Yaani treni ya kwanza iliingia mjini kwenu kwa fedha za kuinusuru kampuni iliyoshindwa. Kuna miji inayojivunia mambo madogo kuliko hilo.

Uwanja ukishasimama, swali ni nani auendeshe, na hapa naomba mtulie. Njia ya kawaida ni kuukabidhi kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA. Hiyo ni njia ya watu wasio na mawazo. Fanyeni kama ilivyofanyika Kilimanjaro. Mwaka 1998 iliundwa kampuni ya KADCO kuendesha uwanja wa huko, KIA, Serikali ikiwa na hisa pamoja na wawekezaji wa nje. Mwaka 2009 Serikali ikanunua hisa zote zilizobaki kwa dola milioni 5.3. Mtu wa kawaida angedhani mambo yameishia hapo: mali ya Serikali, irudi kwenye chombo cha Serikali. La hasha. Kampuni iliyokuwa ya umma kwa asilimia mia iliendelea kuuendesha uwanja wa umma kwa mkataba ulioandikwa kwa ajili ya mwekezaji, na TAA ikabaki nje ya geti. Mwenye nyumba alijipangisha nyumba yake mwenyewe, akajiandikia mkataba, na akawa mgumu kujitoa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, akaandika, wabunge wakafoka mwaka 2022, na mwaka uliofuata uwanja ukarudishwa TAA. Jumlisheni wenyewe miaka hiyo ni mingapi. Hata mkipata nusu yake mtakuwa mmefaidi.

Zimamoto ni mahali pazuri pa kubana matumizi, kwa sababu gari la zimamoto halionekani kwenye picha za uzinduzi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, wakivunja na kuvuta kwa mikono. Watu 19 walikufa. Kijana mmoja mvuvi alipewa shilingi milioni moja na ajira ya Zimamoto. Katika kipengele hiki sina maelekezo ya kuongeza, isipokuwa kwamba Sindeni hakuna ziwa wala wavuvi.

Tuje kwa mkaguzi. Kila mwisho wa Machi CAG humkabidhi Rais ripoti, na Katiba, ibara ya 143, inataka ipelekwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kuanza. Kwa hiyo mna wiki mbili tatu za magazeti kila Aprili. Vumilieni. Kampuni ya ndege ya Serikali, ATCL, ilitajwa kwa hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23 na bilioni 91.8 mwaka uliofuata, na ndege zake bado zinapaa. Jibu la hoja linaandikwa hivi: "Menejimenti imepokea ushauri wa mkaguzi na inaendelea kuufanyia kazi." Lihifadhini kwenye kompyuta ya mhasibu, mbadilishe mwaka tu. Mkiulizwa idadi ya abiria, jibuni kwa urefu wa njia ya kurukia. Mkiulizwa mapato, jibuni kwa ajira zilizozalishwa wakati wa ujenzi, mkihesabu na mama lishe.

CAG mwenyewe akiwa na ulimi mkali, msihangaike naye nyinyi, wako wenye kazi hiyo. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad kwa kuwa alisema Bunge ni dhaifu. Novemba mwaka huohuo akawa si CAG tena. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Hukumu ilikuwa nzuri, ila ilimkuta mwingine kitini.

Kuhusu hao abiria wenyewe, msikate tamaa, wakati mwingine huja bila kukusudia. Desemba 2013 ndege kubwa ya Ethiopian iliyokuwa ikielekea KIA ilitua uwanja mdogo wa Arusha kwa bahati mbaya, watu wakashuka wakishangaa. Pakeni alama nyeupe vizuri na mkeshe.

Wasipokuja, fikirini msimu wa mavuno. Lami ya kilomita tatu, kavu, isiyopitiwa na gari, haitakaa miezi miwili kabla ya akina mama wa Sindeni kuanza kuanika mahindi. Msiwafukuze. Pimeni vipande kwa chaki, futi ishirini kwa ishirini, mpeni kila mwenye gunia namba ya malipo alipie kwenye simu, na mtunze kumbukumbu kwa tarehe. Mkaguzi akija Aprili atakuta mapato halisi ya uwanja, yamepokelewa kwa mfumo na yana stakabadhi zote.