Ndoo Kwanza

Kwa miaka karibu 30 kisiwa kizima cha Unguja kilitegemea waya mmoja wa umeme. Ulilazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Ras Fumba, na uwezo wake ulikuwa megawati 45. Mei 2008 uliharibika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Ulipotengenezwa watu walishukuru Mungu, wakarudi kwenye shughuli zao. Alkhamisi ya tarehe 10 Disemba 2009 umeme ukaondoka tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi.

Sisi tulikuwa tunakaa ghorofa ya tano Michenzani, katika majumba yale marefu ya enzi za Mzee Karume: mimi, mume wangu, watoto, mama mkwe na wifi yangu. Wifi alikuwa mchumba wa watu, siku ya harusi imeshawekwa, na friza ya mama mkwe ilikuwa imejaa nguru mpaka mfuniko haukai sawa. Ami yake wifi aliwanunua mapema sokoni Malindi, siku samaki walipokuwa rahisi, tukawakata vipande na kuwapanga kwa ajili ya walima.

Siku ya kwanza hatukufungua, tukijua kwamba friza iliyofungwa hukaa na baridi yake. Jumamosi asubuhi maji mekundu yalikuwa yanatambaa sakafuni. Mama mkwe alifunua, akabonyeza kipande kimoja kwa kidole gumba, akanusa.

"Mwanangu, hajaharibika bado. Niletee chumvi. Tutamfanya ng'onda."

Chumvi tulikuwa nayo, na jua lilikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo. Hili watu wa nje ya Unguja hawalielewi upesi: maji ya mji kwa sehemu kubwa yanatoka visimani, na yanavutwa kwa pampu za umeme. Kwa giza, kandili zinatosha, na watu walizoea. Lakini mifereji ilikauka, na aliyekaa ghorofani alilazimika kushuka, kupanga foleni kwenye kisima cha jirani, au kumlipa hamali mwenye gari la madumu, kisha kulipandisha dumu la lita 20 ngazi baada ya ngazi. Hizo ni kilo 20. Nimewaona wanawake wenye mimba wakipumzika na dumu kila ghorofa, mkono mmoja kiunoni. Wanaume wetu walikuwa kazini. Tuseme ukweli, mzigo ule uliwaangukia wanawake na watoto, na sikusikia kiongozi akiutaja kwa uzito unaostahili.

Samaki tukaenda kuwaosha baharini. Mama mkwe hakutaka kabisa wifi atoke, kwa sababu mwari hukaa ndani akasuguliwa singo, haendi pwani na beseni la samaki. Wifi akavaa buibui, akajifunika uso, akamwambia, "Mama, nikikaa ndani, hawa nguru nani atawabeba?" Tulikwenda sote wawili. Tukawapasua, tukawapaka chumvi mpaka vidole vikachonyota, na mchana tukawatandaza juu ya paa, watoto wakipokezana na kijiti kuwafukuza kunguru.

Siku ya tatu ya kuanika, mvua ya vuli ikashuka ghafla. Tulipanda mbio, majirani nao wanapanda na masufuria, kila mtu anatafuta mahali pa kukinga. Mimi nilikimbilia samaki. Nilikuwa nimeshakusanya vipande kifuani, kanga imelowa chumvi na damu, niliposikia mama mkwe akipiga kelele kutoka mlangoni:

"Ndoo kwanza! Ndoo kwanza! Samaki atakauka kesho!"

Nikawaweka chini. Tukakinga ndoo, mabeseni, sufuria za harusi, hata vifuniko vya sufuria. Nusu ya ng'onda iliharibika siku ile, na kunguru waliondoka na sehemu yao. Lakini usiku ule watoto walioga wote, na mama mkwe, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akitawadha kwa kikombe kimoja, alijaza kata na kuswali isha bila kuuliza maji yamebaki kiasi gani.

Harusi haikuahirishwa. Walima ulipikwa uwanjani chini kwa kuni, karabai mbili zikiwaka, na mchuzi wa nazi ukawa wa ng'onda badala ya nguru mbichi. Wageni walikula wakamaliza.

Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na hilo ni jambo kubwa. Sisi wa ngazi yetu hatukuusubiri. Kabla umeme haujarudi tulichangishana, kila nyumba kwa kadiri yake, tukanunua tangi la maji la plastiki tukaliweka chini penye kivuli, na ufunguo wa bomba lake ukakaa kwa mama mkwe.