Nondo Walioigiza Bure

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo nimejitolea kuwa miguu ya kibaya, nikutembezee mlangoni kwako Manos: The Hands of Fate, filamu ya kutisha iliyotengenezwa El Paso, Texas, mwaka 1966 kwa dola 19,000. Anayejua Kihispania ameshaanza kucheka, maana manos ni mikono, kwa hiyo jina zima ni Mikono: Mikono ya Majaaliwa. Wapo wanaoliita kosa. Mimi naliita ukarimu: mwenye filamu alihofu usije ukaikosa mikono, akakupa mara mbili.

Mwenyewe, Harold P. Warren, alikuwa muuza mbolea na bima aliyependa kuigiza kwenye michezo ya jukwaani ya mjini kwao. Siku moja, akinywa kahawa na mwandishi wa filamu Stirling Silliphant, alitamba kwamba filamu ya kutisha si kitu cha kumshinda mtu, akaweka dau kuwa ataitengeneza mwenyewe. Muhtasari wa hadithi akauanza palepale, juu ya leso za karatasi. Waandishi wengine hukaa miaka wakiandika na kufuta. Warren alikuwa na leso mkononi na hakufuta kitu.

Hadithi hiyo haimchoshi mtu kwa utata. Baba, mama, binti yao na kijibwa wanapotea njia jangwani, wanafika kwenye nyumba inayolindwa na mtumishi aitwaye Torgo, na kumbe nyumba ni ya Bwana Mkubwa mwenye joho jeusi lililochorwa mikono myekundu na wake wengi waliolala usingizi wa kichawi. Wake hao wakizinduka hubishana, kisha hushikana mieleka mchangani kwa muda mrefu kuliko ulioruhusiwa na hadithi. Baba aliigizwa na nani? Na Warren mwenyewe. Aliandika, akaongoza, akagharimia, akaigiza. Kama angepata mtu wa kumshikia mwavuli, nadhani angemnyang'anya.

Kamera ilikuwa ya kukodi, ya kutiwa ufunguo kama saa za zamani. Ukiikaza hadi mwisho ilizunguka sekunde 32 hivi, ikanyamaza. Faida yake ni kubwa: hakuna mwigizaji aliyepata nafasi ya kutuhutubia kwa dakika tano huku machozi yakimlengalenga. Na kwa kuwa kamera hiyo haikunasa sauti hata ya chafya, watu wachache waliingia studio baadaye na kuwasemea wahusika wote. Mtoto mdogo wa kike akasemewa na mwanamke mzima. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, tukimsikiliza msimulizi Lufufu akimsemea jambazi na bibi harusi kwa koo moja, hatuna sababu ya kushtuka. Tofauti ni kwamba Lufufu alijua kuwa tunacheka.

Sasa nije kwa waigizaji ninaowapenda kuliko wote: nondo. Sisemi nondo za kujengea, bajeti isingezifikia. Nasema wale wadudu wapendao taa. Warren na watu wake walikuwa na kazi zao za mchana, kwa hiyo walipiga picha usiku, jangwani, kwa taa chache kali. Nondo wakaja. Wanapita mbele ya nyuso za wahusika katikati ya mazungumzo mazito, wanajigonga, wanarudi. Hawakufundishwa na hawakulipwa, lakini ndio peke yao wanaoonekana kujua wanataka nini.

Taa hizo hizo zilituachia kituko kingine. Polisi wawili wanasikia mlio wa bunduki gizani. Wanashuka garini, wanapiga hatua chache, wanatazama huku na huku, wanarudi kuketi. Mkosoaji asiye na huruma atasema mwanga uliishia hapo na wasingeweza kwenda mbali zaidi. Ni kweli, uliishia hapo. Ila mimi nimeona filamu nyingi za polisi, na sijaona nyingine iliyoonyesha kwa uaminifu hivi umbali ambao askari atatembea usiku kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kuna pia wapenzi wawili wanaobusiana ndani ya gari, kila tukirudi kwao wako palepale, na hawahusiani na chochote. Sababu ni ya kiungwana. Mwigizaji mmoja wa kike alivunjika mguu mapema, na Warren, badala ya kumwacha, akamtafutia sehemu isiyohitaji kusimama. Onyesha kampuni kubwa ya filamu yenye utu huo. Huko mwanzoni gari la familia linakwenda, linakwenda, mashamba yanapita, hakuna anayesema neno la maana, kwa kuwa majina ya washiriki yalikusudiwa kuandikwa hapo na hayakuandikwa. Hapo nakushauri uchemshe chai.

Mzaha kando. Kuna udhaifu hata mimi, wakili wake, siwezi kuutetea: mwishoni mtoto naye anahesabiwa miongoni mwa wake wa Bwana Mkubwa, na hilo linachukiza, halitishi. Lakini dakika hizo hizo zina kitu cha kutisha kweli. Torgo amekwisha kukimbia, wanawake wengine wawili wanakuja kutafuta hifadhi, na mlangoni anawapokea yule baba, macho makavu, akisema kuwa yeye ndiye mlinzi wa nyumba. Aliyekuja na bastola kuwaokoa watu wake sasa ni bawabu wa adui yake. Wazo hilo halikuhitaji fedha, na ndilo lililobaki kichwani mwangu nilipolala.

Malipo? Wengi waliahidiwa sehemu ya faida, nayo faida haikuja. Waliopokea chochote, kama inavyosimuliwa, ni yule binti, aliyepewa baiskeli, na mbwa wa Bwana Mkubwa, aliyepewa mfuko wa chakula. Novemba 15, 1966, filamu ilizinduliwa mjini El Paso kwa shamrashamra, na watu wakaanza kucheka kabla haijafika mbali. Binti alilia aliposikia kinywa chake kikitoa sauti ya mtu mwingine. Baadhi ya waigizaji wakatoka nje kimyakimya.

Ikalala hadi mwaka 1993, kipindi cha televisheni cha Marekani, Mystery Science Theater 3000, kilipoifufua kwa kuidhihaki, ikawa maarufu kuliko filamu nyingi zilizosifiwa. Mwaka 2011 mpenzi mmoja wa filamu akapata nakala ya awali, akaomba michango ya kuisafisha, na watu wakatoa zaidi ya mara mbili ya dola zilizoitengeneza, bila kuhesabu kupanda kwa bei. Nondo sasa wanaonekana vizuri zaidi.

Silliphant alipata Oscar mwaka 1968. Warren hakutengeneza filamu nyingine. Lakini dau alishinda yeye.