Mhadhara Kuhusu Gwaride la Krismasi, Unaotolewa na Bingwa Mwenyewe

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, mama mchungaji, kaka na dada zangu mliofika Maine juzijuzi na bado mnavaa soksi mbilimbili, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa niwaeleze kwa dakika tano namna ya kusaidia siku ya gwaride la Krismasi na kuwasha taa za mti. Dakika tano! Taaluma hii imeninyima usingizi kwa miaka, halafu nipewe dakika tano. Kaeni vizuri, na kijana aliye karibu na mlango aufunge.

Kwanza niondoe ujinga ulioenea. Mnadhani gwaride ni watu kutembea barabarani. Kutembea barabarani hata mbuzi wa Tandika anaweza. Gwaride ni foleni yenye falsafa. Mbele gari la polisi, kisha maveterani na bendera zao, kisha bendi ya shule ya sekondari, skauti, matela yaliyopambwa yakivutwa na matrekta, magari ya kale ambayo wenyewe hawataki yaguswe, na mwisho kabisa, juu ya gari la zimamoto, Santa Klaus. Santa ni mmoja tu. Kanuni hiyo inasimamiwa kwa ukali kuliko mambo mengi mliyoyakuta uwanja wa ndege. Fundi bomba akija na Santa wake kwenye pikapu, anavuliwa ndevu kabla msafara haujaanza, maana mtoto wa miaka minne akiona Santa wawili katika barabara moja atauliza maswali ambayo wazazi wake hawajajiandaa kuyajibu.

Peremende hazirushwi kutoka kwenye matela. Mtoto akiikimbilia peremende hatazami tairi. Shukeni, tembeeni kando ya watazamaji, mgawe kwa mkono. Hapo sina falsafa ya kuongeza.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo, nacho ni farasi. Mpiga tarumbeta huutazama wimbo wake na mgongo wa mwenzake, chini hatazami. Kwa hiyo farasi hawekwi mbele ya bendi. Mji uliowahi kukosea jambo hilo haukuhitaji mhadhara wa pili. Farasi hukaa nyuma, kabla tu ya Santa, na nyuma yake huja mtu mmoja mwenye beleshi na toroli. Cheo hicho, waheshimiwa, ni changu. Wasio na elimu huniita mzoa mavi. Kwenye barua zangu mimi hujitambulisha kama Mkurugenzi wa Mwendo wa Nyuma, na kamati haijawahi kupinga, kwa kuwa barua hizo haizijibu.

Msicheke. Gwaride huongozwa kutoka nyuma. Bendi ikisimama mbele ya jukwaa la majaji kupiga wimbo wake, waliotangulia wanaenda zao, walio nyuma wanabanana, na katikati linabaki pengo ambalo watoto huligeuza uwanja wa mpira. Nani analiona pengo hilo? Si meya, ambaye anapunga mkono. Analiona aliye nyuma, ameinama, na ana sababu ya kutokuwa na haraka. Na makofi ninayopigiwa, nimeyapima kwa sikio langu mwenyewe, yanazidi ya meya.

Niguse pia baridi. Desemba ya hapa hugandisha pistoni za tarumbeta, ndiyo maana bendi inayoanza na wimbo mzima hufika mwisho wa barabara ikibaki na ngoma peke yake. Nimependekeza tupige ngoma za kwetu, ambazo hazina pistoni. Kamati imelipokea pendekezo hilo na kulihifadhi mahali salama sana.

Baada ya gwaride, mti. Jua la mwanzoni mwa Desemba linazama kwenye saa kumi jioni, hivyo giza tunalo la kutosha. Mwasisi wa fani yetu ni Edward Johnson, mshirika wa Edison, aliyepamba mti nyumbani kwake New York mwaka 1882 kwa balbu 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na buluu, mti wenyewe ukizunguka. Mkesha wa Krismasi wa 1923, Rais Calvin Coolidge alibonyeza kitufe jijini Washington, na mti wa futi 48 kutoka Vermont ukawaka balbu 2,500. Historia inamkumbuka Coolidge. Waliozivuta nyaya zile kwenye baridi, je? Hapa huwa nanyamaza kidogo ili wasikilizaji waone aibu.

Basi.

Kuhusu kitufe chetu chekundu kilicho jukwaani, kwenye boksi lenye utepe: hakijaunganishwa na kitu chochote. Meya anajua. Umati unahesabu kuanzia kumi kurudi nyuma, meya anabonyeza, na mtu aliyechuchumaa nyuma ya mti akisikia "moja" anachomeka plagi. Mtu huyo ni mimi. Naja moja kwa moja kutoka kwenye farasi, baada ya kunawa.

Sasa hesabu, na mama mchungaji anisikilize hasa. Laini ya ampea 15 kwa volti 120 hubeba wati 1,800, basi. Balbu kubwa za zamani zilikula wati 7 kila moja. Uzi wa balbu 25 ni wati 175, nyuzi kumi ni 1,750, na uzi wa kumi na moja unatuacha gizani tukitazamana. Leo tuna LED, ambazo umeme wao ni wa kulamba tu, na adui amehama. Adui ni birika kubwa la kuchemshia kakao. Birika hilo peke yake linameza karibu laini nzima, na kila mwaka, ikifika "tatu, mbili", yupo mama mwenye moyo mwema anayetafuta tundu la umeme nyuma ya mti. Akina mama, kakao yenu tunaipenda. Ina laini yake, ukutani, upande wa maktaba. Nimeichorea mshale. Mwaka huu nimeuchora mkubwa zaidi.

Maswali nitayapokea kwa maandishi. Vizibao vya kung'aa vimo kwenye boksi la ndizi pale mlangoni, kila mtu achukue kimoja na asaini. Glavu mje nazo wenyewe. Toroli mnaruhusiwa kulisukuma, kwa anayetaka kujifunza. Beleshi lenye mpini wa buluu ni la ofisi.