Marehemu wa Handeni

Kunguru alitua ukingoni mwa beseni, akamtazama mke wangu, akaitazama sabuni, akachagua sabuni. Kilikuwa kipande cha tatu wiki ile. Mama Zuhura aliinua mkono wenye povu, akaushusha, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa barazani na kikombe cha chai.

"Na humu ndani eti tunaye mlengaji," akasema, akaendelea kufua.

Hiyo "eti" ilinichoma kuliko kama angenitukana. Maana mimi, kabla sijaitwa Baba Zuhura, kabla hiki kitambi hakijapata makazi ya kudumu, nilikuwa mtu wa manati kwa miaka kumi na minane mfululizo. Nilianza nikiwa na miaka saba, Ngamiani, Tanga. Niliacha nikiwa na ishirini na mitano, kwa sababu ya jioni moja, mbele ya mashahidi.

Asiyejua manati hudhani ni kijiti na mpira. Panda hukatwa kwenye mpera, kwa sababu matawi ya mpera hugawanyika sawasawa kama mikono ya mtu anayeomba dua, na mti wake haupasuki ovyo. Ukishaichonga unaining'iniza juu ya jiko, moshi uikaushe polepole. Mipira miwili unaikata kwenye tyubu ya baiskeli, na hapo ndipo mtu hujulikana kama ana subira: mmoja ukiuzidi mwenzake kwa unene wa njiti ya kiberiti, jiwe lako litakwenda kwa jirani. Halafu kuna kile kipande cha ngozi cha kushikia jiwe. Hakuna ngozi inayofaa kazi hiyo kama ulimi wa kiatu. Nyumbani kwetu viatu vyote vya baba vilikuwa bubu.

Wapo wanaosema manati ni ya tangu enzi za Nabii Daudi. Daudi alimwangusha Jaluti kwa kombeo, kamba ya kuzungusha kichwani. Manati ilibidi isubiri mpaka Mmarekani Charles Goodyear agundue namna ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usinate kwenye joto wala kukatika kwenye baridi, akapata hataza yake mwaka 1844. Kwa hiyo tunapoichapa mitoto ya watu kwa sababu ya manati, tukumbuke kwamba chombo chenyewe ni kizazi cha maabara.

Mimi sikuipenda kwa ajili ya ndege. Ndege nilikuwa nawakosa, na nikiwapata naona haya. Tulikuwa vijana wanne, kila Jumapili tunapanga makopo ya maziwa juu ya ukuta na kurudi nyuma hatua ishirini. Unavuta mpaka ngozi iguse shavu, mahali palepale pa siku zote. Unaitoa nusu ya pumzi, nusu unaibakiza. Hapo kuna kitambo kifupi ambacho kelele zote hunyamaza: muuza maji hapigi kengele, deni la dukani halipo, mama hajakutuma popote. Kisha unaachia, na kopo linaitika. Kwa miaka hiyo wenzangu waliniita Hakosi.

Jina hilo ndilo lililoniponza mwaka 1998.

Posa ilikuwa imekubaliwa, nikaenda Muheza kuwasalimia wakwe. Mkwe wangu alikuwa amekaa chini ya mwembe, pembeni yake redio ya betri nne iliyovalishwa jalada la ngozi lenye vitundu. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo, Redio Tanzania, na saa hiyo pale nyumbani hata mbuzi walikuwa hawalii. Shemeji zangu wadogo, waliokwisha kusikia habari za Hakosi, waliniita pembeni. Kuna embe moja kileleni, wakasema, jekundu, limewashinda wote.

Mtu mwenye akili angesema amekuja kuoa, si kuangua maembe. Lakini dada yao alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu. Nikatoa manati mfukoni. Vidonge vyangu vya udongo nilikuwa nimeviacha Tanga, nikaokota kokoto yenye pembe, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Kokoto ya pembe huruka kama mlevi atokaye kilabuni. Mkwe aliinua macho mara moja, hakusema neno, akairudishia sikio redio.

"...na jamaa wote wa Handeni," mtangazaji alikuwa akisoma kwa sauti yake ya msiba, "wanaarifiwa kifo cha mpendwa wao, bwana..."

Paa!

Kokoto iligonga tawi, ikarudi chini kwa hasira, ikaingia katikati ya vile vitundu vya jalada. Redio ilikata kauli. Mkwe aliinyanyua, akaitikisa, springi moja ikaanguka mapajani mwake. Aliitazama springi, akanitazama mimi, akauliza taratibu:

"Bwana nani?"

Nilioa. Hilo nalishukuru. Lakini mkwe wangu ana ndugu wengi Handeni, na swali lile halikupata jawabu. Alituma salamu kwa kila mmoja wao kuuliza hali; wote wakajibu kuwa ni wazima, jambo lililomkera zaidi, maana yake kuna aliyekufa na wanamficha. Kila Idi, kila harusi, kila nikimpelekea mjukuu kumwona, tukishamaliza kusalimiana na kuulizana habari za mashamba, ananiinamia sikioni: "Ulishajua ni nani yule wa Handeni?"

Baada ya siku ile nilirudi kwa wenzangu pale ukutani mara tatu au nne. Jicho lilikuwa lilelile na mkono uleule. Lakini nikifika kwenye ile nusu ya pumzi, pale penye ukimya, nasikia sauti: bwana nani? Kopo likabaki limesimama. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, na Jumapili iliyofuata nikasema kuna mvua. Iliyofuata, mipira imezeeka. Iliyofuata, mtoto ana homa, na wakati huo mtoto mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Kitu ulichokipenda hukiachi kwa siku moja. Unaanza kukitolea udhuru, kisha udhuru wenyewe unazoeleka kuliko kitu. Tulipohamia Dar es Salaam, manati ilibaki kwenye sanduku la mama Tanga. Mchwa waliichukulia kuwa ni urithi wao.

Miaka ishirini na sita ikapita, mpaka asubuhi ile ya sabuni na neno "eti".

Nilikata panda kwenye mpera wa jirani kwa ruhusa, nikaenda kwa fundi baiskeli pale kituoni.

"Tyubu ya manati? Ya mtoto?" akauliza.

"Ya mtoto."

"Ana miaka mingapi?"

Nilikuwa na hamsini na mmoja. "Saba," nikajibu.

Fundi mtu mwema, akanikatia mipira myembamba ili mtoto asijiumize. Jiwe langu la kwanza baada ya miaka ishirini na sita lilitoka likaanguka kwenye kandambili yangu. Nikarudi kwake nikamwambia mtoto amekua ghafla. Mipira ya pili ilikuwa ya kiume, na pigo lake la kwanza lilinipata kidole gumba cha mkono wa kushoto, kucha ikageuka rangi ya zambarau iliyoiva. Ofisini nilisema nimebanwa na mlango.

Kuhusu adui yangu, nilijifunza mengi. Si mwenyeji. Huyu wa shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, ili ale taka za mji. Taka alizila, kisha akala mayai ya ndege wengine, akala vifaranga, akavuka bahari, na leo pwani yote ni yake, Tanga, Mombasa mpaka Malindi. Mwaka ule ule niliorudi vitani, 2024, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Mimi nilikuwa nashughulika na mmoja na bado ananishinda.

Methali inasema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Aliyeitunga hakuwahi kuishi Temeke. Nikiwa mikono mitupu, kunguru wangu anatembea uani kama mwenye nyumba. Nikiinama tu kufunga kiatu, ameruka. Nikificha manati mgongoni, anahamia kwenye nguzo ya umeme na kuwaita wenzake waje wanione. Kwa Mama Zuhura, kinyume chake, anatua hatua mbili kutoka alipo na kusubiri sabuni kama mteja.

Baadaye nilisoma kisa kimoja kilichonifungua macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walivaa vinyago, wakawakamata kunguru wachache, wakawaachia. Tangu siku ile, kila aliyepita pale na kinyago kile alizomewa, miaka na miaka, hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Wale ni kunguru wa Marekani, lakini ukoo ni mmoja. Kumbe tatizo si mkono wangu, ni uso wangu! Nami nyumbani kwangu upo uso ambao kunguru anauamini.

Jumamosi Mama Zuhura alikwenda sokoni. Nikavaa dera lake lenye maua ya njano, nikajitanda mtandio mpaka puani, nikakaa kigodani mbele ya beseni. Kipande cha sabuni nikakiweka ukingoni. Manati na vidonge vya udongo vikiwa mapajani, chini ya dera. Nikaanza kufua soksi moja, kwa utulivu, kama mtu asiye na nia mbaya na yeyote.

Alikuja. Akatua juu ya geti, akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto. Nikasimama taratibu, nikavuta mpaka ngozi ikagusa shavu, mahali palepale pa siku zote, nikaitoa nusu ya pumzi. Na ule ukimya ukaja. Wallahi, ulikuja, kama mgeni aliyekuwa ameenda dukani tu akarudi. Nilisahau sabuni. Nilisahau Handeni.

Geti likafunguka.

Kunguru akaruka. Mahali alipokuwa, chini kidogo, alisimama mkwe wangu, na gunia la machungwa ya Muheza begani na redio kwapani. Alikuwa atufikie Jumatatu. Nami nilikuwa nimemlengea manati katikati ya kifua, nimevaa dera la binti yake.

"Shikamoo, baba," nikasema, ngozi ingali shavuni.

Mzee alianza kunikagua kwenye mtandio, akashuka kwenye maua ya njano, akamalizia kwenye vidole vya miguu. Hakuharakisha. Nyuma yangu nilisikia mabawa, kisha kitu kikikwaruza beseni. Sikugeuka. Nilijua sabuni imekwenda.

"Marahaba," akajibu. "Ngoja kwanza niiweke redio ndani."

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi niliyavalia nguo, tena ya mke wangu, lakini kuyaoga kulikuwa kulekule. Mkwe alimsimulia Mama Zuhura, Mama Zuhura akawasimulia majirani, na fundi baiskeli akaniuliza kama yule mtoto wa miaka saba ana dera jingine. Nilingoja kuona haya kama zile za 1998, zile za kuniachisha. Hazikuja. Nadhani aibu ndogo humla mtu kwa kuwa bado ana sifa ya kulinda. Mwaka ule nilikuwa Hakosi, na Hakosi akikosa amekwisha. Sasa mimi ni yule mzee aliyefua soksi kwa dera, na mtu kama huyo hata akikosa kopo mara arobaini hakuna anayeshtuka.

Kwa hiyo nimerudi. Kunguru nimemwachia sabuni, tena Mama Zuhura siku hizi anaifunika kwa sufuria, kitu ambacho tungeweza kukifanya tangu mwanzo. Mimi napanga makopo yangu juu ya ukuta Jumapili asubuhi na kurudi nyuma hatua kumi na mbili, maana ishirini sasa zinahitaji miwani. Kunguru anakaa juu ya geti kutazama. Ameshajua upande ambao hauna hatari ni ule ninaoulenga.

Jumapili ya kwanza, kabla mzee hajarudi Muheza, alikuwa sebuleni na redio yake, dirisha limefungwa kwa tahadhari. Nilikosa kumi na moja. La kumi na mbili nikavuta, nikabakiza nusu ya pumzi, nikaachia. Kopo liliitika kwa mlio mkali, likabingirika mpaka kwenye mfereji.

Dirisha likafunguka kidogo.

"Na huyo naye," mkwe wangu akauliza, "bwana nani?"