Sifa za Mtu Aliyepungukiwa Nauli

Nimesimama kumsifu mtu ambaye viongozi hawamtaji jukwaani ila kwa kumkemea, mtu asiye na cheo wala ofisi, na ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hana hata elfu tatu. Mnamjua. Anakusogelea kituoni, au nje ya benki, au kwenye geti la hospitali, bahasha ya kaki kwapani, shati limepigwa pasi. Anasubiri kwa adabu umalize kuongea na simu. Kisha anasema, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa niaba yenu wote wawili: "Shikamoo mzee. Samahani, naomba nikusumbue kidogo."

Mimi nina miaka 42. Nyumbani hakuna anayeniita mzee ila mwanangu, naye akitaka hela ya vocha. Ofisini naitwa kwa jina, na wakati mwingine kwa jina la mwingine. Huyu bwana ndiye wa kwanza kuuona uzee wangu na kuupa heshima yake, hadharani, mchana kweupe, bila kuniomba kitambulisho. Nani tena katika jiji la Dar es Salaam ananifanyia hivyo bure? Si bure, ndiyo, lakini ngojeni kwanza.

Shikamoo haikataliki. Hela unaweza kumnyima mtu, shikamoo huwezi. Na ukishatamka marahaba umekwisha: umekubali kwamba wewe ni mkubwa wake, na mkubwa hapiti shida ya mdogo wake akiangalia juu kama anayehesabu nyaya za umeme. Kuna vijana wa mauzo wanaofungiwa hotelini wiki nzima wakifundishwa jinsi ya kumteka mteja, kwa projekta na chai ya saa nne. Huyu wetu anakuteka kwa neno moja, amesimama juani.

Sasa tazameni ufundi wa kitenzi chake. Hasemi hana nauli. Asiye na kitu ni ombaomba, na ombaomba tunao wa kutosha. Tulikuwa hata na Matonya, aliyelala chali na mkono juu hadi jina lake likaingia katika maongezi ya nchi nzima. Simsemi huyo, wala simsemi mama mwenye mtoto mgongoni pale kwenye taa za Fire, ambaye shida yake iko wazi na hana mchezo nayo. Namsema aliye*pungukiwa*. Maana yake nauli ipo, karibu yote. Amekwishaitafuta, wema wa wengine umekwishafanya sehemu kubwa ya kazi, na kilichobaki ni kidogo tu, ambacho kwa bahati nzuri kinalingana kabisa na hela uliyorudishiwa sasa hivi na muuza maji. Hakuombi umbebe. Anakuomba umalizie. Ni nani asiyependa kuwa mtu wa kumalizia jambo?

Jiografia yake nayo si ya kubahatisha. Hajawahi kupungukiwa nauli ya Kibaha, maana utamwambia atembee. Hajawahi kupungukiwa ya Bukoba pia, kwani ukisikia bei utaogopa. Yeye husafiri kwenda Korogwe, Ifakara, Kilosa: mbali kiasi cha kutotembeleka, karibu kiasi cha kuweza kuchangiwa. Stendi kuu ilipotoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021 walihama mawakala, mama lishe, wapiga debe na wabeba mizigo, naye akahama nao, bila fidia wala malalamiko. Wengine walichukua miezi kuizoea stendi mpya. Yeye siku ya pili alikuwa amekwishajua mlango gani watu hutokea wakiwa na chenji mkononi.

Nina wa kwangu hasa, niliyekutana naye mara nyingi kuliko baadhi ya shemeji zangu. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi Machi, anakwenda Korogwe kumzika mama yake. Nilimpa buku mbili na pole. Mwezi Juni nikamkuta tena, bahasha ileile, shati lingine. Mama anaumwa moyo, amelazwa Korogwe, nauli imepungua elfu tatu.

Nikamwambia, "Lakini Machi si ulikwenda kumzika?"

Hakutazama chini, hakukuna kichwa. Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyesahau somo la wiki iliyopita. "Yule alikuwa mama mkubwa, mzee."

Na kwa Kiswahili mama mkubwa ni mama. Nilijikuta sina pa kushika. Laiti tungekuwa watu wa lugha nyingine ningemkamata, lakini katika lugha yetu mtu anaweza kuzika mama watatu na wa nne akawa jikoni anapika, na asiseme uongo hata kidogo. Nikataka walau nishinde kwenye karatasi. Nikaomba kuiona bahasha. Akanipa bila kusita. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei, moja tu, imepinda pembe kwa kubebwa. Niliiinua kwenye jua. Ilikuwa goti.

"Si umesema anaumwa moyo?"

"Yalianzia gotini."

Nilitoa elfu tatu. Niseme ukweli wangu: nimewahi kulipa kiingilio kikubwa kuliko hicho kutazama vichekesho, na sikucheka. Pale Mbezi nilipewa mchezo wa mtu mmoja, nikiwa mtazamaji pekee, mstari wa mbele, na mwigizaji akanishukuru kwa kuja. Tena alinilipa. "Mungu akuzidishie pale ulipopunguza," alisema, na kwa dakika nzima nilitembea kama mtu aliyezidishiwa.

Mlinganishe sasa na waombaji wenye heshima. Yupo mfanyakazi mwenzangu, wa ghorofa nyingine, ambaye sijui hata jina la baba yake. Aliniletea kadi ya mchango wa harusi yenye jina langu limeandikwa kwa kalamu ya dhahabu, na kima cha chini kimechapishwa, cha mmoja na cha wawili. Nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa. Kila Jumapili jioni orodha ilitoka: waliomaliza wana alama ya tiki, walioahidi wana jina tupu, mimi nina jina tupu. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mhazini na mtu wa kazi maalumu ambaye kazi yake maalumu nadhani ilikuwa mimi. Alinipigia saa mbili usiku kunikumbusha kwamba ukumbi unadai. Harusini nilikula wali kidogo na soda moja, na nilipotoka nikakuta ujumbe wa kamati ya sendoff ya dada yake bwana harusi.

Mpungukiwa nauli hakuandiki kwenye orodha. Hakupigii. Ukimnyima anasema "haya mzee, siku njema," na anakwenda kwa mwingine bila kinyongo, tena kesho anakupa shikamoo mpya isiyo na deni la jana. Anataka elfu tatu na anapokea mia tano. Ni harusi gani mjini hapa imewahi kupokea mia tano?

Kuna kizazi kipya kilichoiharibu kazi hii, na lazima nikiseme. Kinakaa kivulini, kinatuma ujumbe kwa namba elfu moja kwa mpigo: "Ile hela itume kwenye namba hii." Ile ipi? Hakuna salamu, hakuna mama, hakuna Korogwe, wala goti. Mtu anataka hela yako lakini hataki kukuona uso! Hao sina sifa zao. Wamechukua sanaa iliyohitaji shati la pasi, kumbukumbu na moyo wa simba, wakaibakiza sentensi moja yenye kionyeshi kisichoonyesha kitu.

Simu, hata hivyo, imemwumiza mtu wangu na kumfaidisha kwa wakati mmoja. Zamani sisi wenye mioyo migumu tulikuwa na ngome moja: tulipapasa mifuko, tukaonyesha viganja, tukasema "leo sina." Tangu hela ihamie kwenye simu ngome hiyo imebomoka. "Hata kwenye simu sawa tu mzee, namba nakutajia." Kwa hiyo imebidi uongo wetu ukue. Siku hizi tunasema mtandao unasumbua, salio limekwama, nimesahau namba ya siri, na tunayasema hayo tumeishika simu mkononi inawaka. Mizani yangu ni hii: pale kituoni husimama waongo wawili. Mmoja amejiandaa, ana vielelezo, na anamtazama mwenzake machoni. Wa pili ni mimi.

Sheria, kwa upande wake, haijamwelewa. Kanuni za Adhabu tulizoachiwa na Mwingereza zina vifungu vya wazururaji vyenye asili ya sheria yao ya mwaka 1824, ambayo ilimtaja waziwazi mtu anayezunguka kukusanya sadaka kwa kisingizio cha uongo. Mwaka 1824! Kabla ya reli yetu, kabla ya daladala, kabla ya Korogwe kuwa na stendi, kuna bwana mmoja London alikwishamwona mtu wetu akimjia na bahasha, akaandika kifungu. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika. Sidhani kama rafiki yangu ameyasoma. Arusha yenyewe anaijua; kuna wakati alikuwa anapungukiwa nauli ya huko.

Mnaweza kudhani haya yote ni dhihaka. Ilikuwa dhihaka mpaka mwaka juzi, nilipotoka Dodoma na basi likasimama Msamvu, pale Morogoro, watu wachimbe dawa. Kwenye msongamano wa mlangoni simu ikachomolewa mfukoni. Nilipokuwa namtafuta mwizi, kama kwamba angekuwa ameshika bango, basi likaondoka na begi langu, na pochi ndani ya begi. Nikamwomba muuza maji aniazime simu. Akaniazima bila neno. Ndipo nikagundua kwamba namba pekee ninayoijua kwa kichwa ni yangu mwenyewe. Niliipiga. Ilikuwa imezimwa.

Basi nikaanza kazi. Wa kwanza nilimwambia "nimeibiwa," naye akainua kiganja kabla sijafika silabi ya mwisho. Nilikitambua kile kiganja; ni changu, nimekitumia miaka ishirini. Wa pili alikuwa mama mmoja mwenye kikapu, nikaona nimweleze kwa utaratibu: nilikuwa Dodoma kwenye semina, semina ilianza Jumatatu. Kufika Jumanne akawa ameshapanda basi lake. Wa tatu alinisikiliza hadi mwisho akiangalia viatu vyangu, kisha akasema ni viatu vizuri. Nikakumbuka shikamoo. Nikampa mzee mmoja mwenye mvi. Akanitazama juu hadi chini, akauliza nimezaliwa mwaka gani, na tukakuta ananizidi miaka miwili. Aliondoka amekasirika kweli.

Saa nzima sikuwa na shilingi. Kila neno nililosema lilikuwa kweli tupu, na halikununua hata maji.

Yule muuza maji, aliyekuwa akiyatazama haya yote ameegemea ndoo yake, hakuvumilia. "Kaka," alisema, "unaeleza mno. Sema umepungukiwa."

Nilimwambia sijapungukiwa, sina kabisa.

"Ndiyo maana hawakupi."

Nikanyoosha kola. Nikamfuata kijana mmoja, nikasubiri amalize simu yake. Nikasema samahani, narudi Dar, nimepungukiwa elfu mbili. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku ile, na akatoa elfu mbili hapohapo, akaniambia pole. Ndani ya nusu saa nilikuwa na 4,500, na wakala mmoja akanipandisha basi la mwisho kwa hizo, nikakaa kwenye boneti karibu na dereva, miguu imekunjwa, joto la injini linapanda hadi kiunoni, mpaka Mbezi.

Tangu siku ile sijamwona rafiki yangu. Huenda amehamia njia nyingine, huenda kweli alifika Korogwe. Wewe utakayepita Mbezi Luis wiki hii, ukisikia shikamoo nyuma yako na ukigeuka ukaona bahasha ya kaki imepinda pembe, itikia marahaba. Mpe utakachompa. Mwulize goti la mama linaendeleaje, na umwambie mwenzake wa Msamvu anamsalimu.