Plagi Imebaki Juu ya Mwembe

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, kazi ya kufunga taa za Krismasi huanzia kule isikotakiwa kuanzia. Baba anapanda ngazi na kitita cha taa alichonunua Kariakoo, anazungusha tawi la mwembe, anafuata ukingo wa bati, anapita juu ya dirisha la sebule, na akifika kibarazani kwenye soketi, mkononi ameshika balbu ya mwisho. Plagi imebaki juu ya mwembe. Watoto waliliona hilo tangu mwanzo, ila nani wa kumkosoa mzee akiwa ngazini?

Mama ndiye anayeuliza, huku anakuna nazi: "Baba watoto, kwani huo mwembe siku hizi una mita ya LUKU?"

Utaratibu wenyewe si mgumu. Taa hutandazwa kwanza sakafuni, zikachomekwa, zikaonekana zinawaka, zikachomolewa, ndipo ngazi iletwe na kazi ianzie kwenye soketi kwenda nje. Na ngazi iwe ngazi kweli, siyo meza ya plastiki iliyobebeshwa kigoda na kushikiliwa na kijana anayejibu ujumbe kwenye simu.

Basi taa zinashushwa, zinapandishwa upya, plagi inafika kibarazani. Haiingii. Taa zimekuja na pini mbili za mviringo. Soketi ina matundu matatu ya pembe nne. Soketi hizi, ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia pamoja, zinafuata kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, na ndani yake kuna vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini ili mtoto asichomeke msumari. Vinafunguka pini ndefu ya ethi inapoingia tundu la juu. Wahandisi waliumiza vichwa kubuni kinga hiyo, na kila familia mjini imekwisha kuishinda kwa kalamu ya Bic. Kalamu inasukumwa tundu la juu, pini mbili zinalazimishwa chini, taa zinawaka, watu wanapiga makofi. Hakuna anayekaa kuangalia kwamba pini hizo hazijabanwa sawasawa, zinacheza, zinapata moto, na kufikia saa nne usiku soketi inanguruma kama mzinga wa nyuki. Adapta nzuri ni bei ndogo kuliko soketi mpya, achilia mbali pazia.

Fyuzi nayo ina mkasa wake. Ikiungua, fundi wa nyumbani huivika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na umeme unarudi. Unarudi kweli. Tatizo ni kwamba kazi ya fyuzi ni kuungua kabla waya haujaungua, na karatasi ile haina haraka hiyo.

Kisha kuna taa za shemeji wa Marekani. Zimekuja ndani ya sanduku, zimekunjwa vizuri, na wa kwanza kuzichomeka anajiona amekabidhiwa mwenge. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, na uzi mmoja wa taa zile za kizamani una balbu 50 zilizofuatana, kila moja ikitegemea volti 2.5 tu. Kwetu ukutani zinatoka volti 230, kwa hiyo kila balbu inapewa karibu mara mbili ya riziki yake. Zinawaka, tena kuliko taa zote za mtaa, kwa muda wa kutosha picha moja.

Taa za namna hiyo zimeungwa kwa mfuatano: umeme unapita balbu hii ndipo ufike ile. Zilizotengenezwa kwa uangalifu zina kiwaya kidogo ndani ya kila balbu, ambacho uzi wa ndani ukikatika kinaunganisha njia ili nyingine ziendelee. Lakini kiwaya hicho hakisaidii kitu mtoto akichomoa balbu nyekundu kwenda kuitazama vizuri. Uzi mzima unaingia giza, baba anakagua balbu 49, na mhalifu amelala fofofo, mkono umefumbata.

Yote haya yalianza kwa heshima kubwa. Mwaka 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliweka mti wenye balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu nyumbani kwake New York, badala ya mishumaa iliyozoeleka kuchoma miti na sebule. Mti wake ulikuwa unazunguka. Hakuwa na tatizo la bati.

Huku kwetu bati ndilo la kuogopwa. Mvua za vuli huwa bado hazijaaga, na kiungo cha waya kilichofungwa kwa solatepu ya kubandikia madaftari kikigusa bati lililolowa, paa zima linaweza kubeba umeme, pamoja na kamba ya waya ya kuanikia kanga. Kwenye boksi la taa hutazamwa herufi IP: IP20 ni za ndani tu, IP44 zinavumilia maji yakirushwa kutoka upande wowote. Sakiti breka inayohisi umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, inastahili pesa kabla ya nyota ya juu ya mti.

Gharama ya umeme si kisingizio. Uzi wa taa 100 za LED unakula kama wati 5. Ukiwashwa saa sita kila usiku kwa siku 30, haumalizi yuniti moja. Baba anayefoka kwamba taa zinamaliza LUKU huwa ameshika pasi ya wati 1,000, ambayo inafikia kiasi hicho kabla ya saa moja kwisha.

Kuhusu uzuri, wengi wanakosea kwa ukarimu. Rangi moja iliyofuata ukingo wa kibaraza, na tyubu kubwa ya mlangoni ikazimwa, inapendeza kuliko rangi saba zinazogombana. Kile kisanduku chenye mitindo minane ya kumetameta kiwekwe kwenye mtindo uliotulia. Chenye muziki kirudishwe dukani.

Januari taa zikishushwa, zizungushwe kwenye kipande cha boksi. Zikiachwa juani hadi Pasaka, plastiki inakauka na kupasuka. Zikisokomezwa kwenye kiroba, zitatoka zimefungana mafundo, na hapo ataitwa mwenye vidole vidogo na subira, yule yule wa balbu nyekundu.